Breketi za bampa za Beetle: bampa likikataa kukaa sawa, tafuta wapi

Bampa la Volkswagen Beetle likikaa kombo, hata mtu aliye ng'ambo ya barabara ataliona. Uso wa gari lile ni wa duara mtupu, na bampa ndilo mstari pekee ulionyooka mbele yake. Kinacholishika ni breketi mbili: vyuma vinavyofungwa kwenye bodi, vikapenya tundu la madigadi, vikatokeza nje kulipokea bampa. Ni vyuma vidogo, lakini vina maudhi yake. Mwongozo huu ni kwa anayefufua Beetle ambalo breketi zimeliwa na kutu, zimepinda au hazipo kabisa, na ameamua kuzitengeneza mwenyewe au kumpa fundi wa mtaani.

Niseme mapema msimamo wangu: breketi mpya ikikataa kukaa, mtuhumiwa wa kwanza ni sampuli uliyoiiga, wa pili ni bodi unayoifungia. Breketi yenyewe ifuate mwisho. Wengi huenda kinyume, wanakata na kuchomelea upya chuma ambacho hakina kosa.

Kabla ya dalili yoyote: gari lako ni la lini?

Agosti 1967 ndiyo mpaka. Beetle zilizotoka kiwandani kabla ya hapo zina bampa jembamba lenye mgongo wa mviringo, na vishikizo vya wima mbele yake. Nyingi za baada ya hapo zina bampa la pembe, nene kwa macho, lililopandishwa juu zaidi. Boneti na kifuniko cha injini vilifupishwa ili vilipishe. Madigadi ya mbele nayo yakabadilika, taa zikasimama wima. Kwa hiyo breketi za kundi moja si za kundi jingine, na tundu la kwenye madigadi halipo mahali pamoja.

Huku kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu Beetle nyingi zimeishi kwa kuazimana viungo. Utakuta bodi ya miaka ya mwanzo ya sitini imevaa madigadi ya 1970, kwa sababu ndiyo yaliyopatikana gari lilipogongwa. Anayetaka gari lifanane na zile za Safari Rally ya zamani, kama lile aliloshindia Tommy Fjastad mwaka 1962, anahitaji bampa jembamba, breketi zake na madigadi yake, vyote vitatu. Ukiwa na viwili kati ya vitatu, hakuna breketi utakayotengeneza ikakubali.

Dalili: upande mmoja wa bampa uko chini, au umejitokeza mbele kuliko mwingine

Hii ndiyo dalili inayoleta watu wengi, na ndiyo yenye vyanzo vingi.

Usiweke pimamaji juu ya bampa ukaliamini. Sakafu ya gereji ina mteremko, tairi moja ina upepo pungufu, na upande mmoja wa gari unaweza kuwa umelala. Unachotaka kujua ni bampa limekaaje kwa bodi, wala si kwa ardhi. Chagua alama mbili zinazofanana kushoto na kulia, mfano matundu ya bolti za madigadi, na kila kipimo kitoke hapo.

Sasa fungua bampa, acha breketi kwenye gari. Lilaze bampa juu ya meza iliyonyooka au kioo kinene. Likicheza kona kwa kona, limejisokota, na breketi hazina hatia. Likitulia, rudi kwenye gari, pima kutoka ncha ya kila breketi hadi ile alama ya upande wake, kisha pima kimshazari: ncha ya kushoto hadi alama ya kulia, na ya kulia hadi ya kushoto. Mishazari miwili ikilingana na vipimo vya upande vikalingana, breketi ziko sawa. Zikitofautiana, zifungue zote mbili na uzikutanishe mezani kama viganja vya mtu anayeomba dua. Hapo ndipo mambo yanapogawanyika:

- Zisipofanana mezani, breketi moja ina kosa. Irekebishe.
- Zikifanana mezani lakini zikatofautiana garini, bodi imeingia ndani au imepanda upande mmoja.

Hali ya pili ni ya kawaida kuliko watu wanavyodhani. Kona ya mbele ya Beetle ikigongwa, breketi husukumwa nyuma na kuibonyeza karatasi ya bodi iliyoishika. Fundi wa zamani alinyoosha madigadi, akapiga rangi, ile karatasi ya ndani akaiacha ilivyo. Tofauti ikiwa milimita tatu au nne, weka kipande cha bati kati ya breketi na bodi, hakuna atakayekulaumu. Ikizidi hapo, bodi ivutwe kwanza. Kuikata breketi ifuate bodi iliyopinda kunaficha ugonjwa leo, kisha kesho madigadi mapya yanakataa kukaa na unaanza kumtafuta mchawi mwingine.

Hapa ndipo ninapokataa mazoea ya kupeleka breketi kuukuu kwa mchomeleaji na kumwambia "nitolee kama hii". Breketi iliyokaa nusu karne kwenye gari imegongwa, imetumika kuvutia gari lililokwama, imepandiwa na jeki. Mchomeleaji mzuri atakunakilia kila mpindo, pamoja na usiotakiwa. Ya zamani itumie kujua unene wa chuma, ukubwa wa matundu na mpangilio wa mikunjo. Umbo litoke kwenye gari.

Njia yake ni hii. Funga madigadi yote mawili. Simamisha bampa mahali pake kwa vipande vya mbao na jeki ndogo, ulipime mpaka nafasi kati yake na bodi ilingane kushoto na kulia, kisha lifunge kwa kamba lisitikisike. Sasa una ncha mbili zinazojulikana: bolti za bodi na bolti za bampa. Kata kiolezo cha boksi kinachounganisha ncha hizo kupitia tundu la madigadi. Kikikubali, kitoe kwa bati jembamba la milimita moja, kwa sababu boksi hujikunja popote na kukudanganya. Bati likikubali ndipo uguse flatibaa, yaani chuma bapa cha kutengenezea breketi yenyewe.

Dalili: una breketi mbili nzuri, zote za kushoto

Usicheke, karakana nyingi zina jozi kama hiyo imetundikwa ukutani. Kiolezo kimoja kilichorwa mara mbili bila kugeuzwa. Andika KUSHOTO upande mmoja wa kiolezo na KULIA mgongoni pake, na uchore mishale ya mikunjo pande zote mbili. Kama breketi ni bapa na bado haijakunjwa, umeokoka: igeuze, ukunje upande wa pili.

Dalili: matundu hayafiki bolti ingawa ulipima vizuri

Hapa kosa liko kwenye hesabu ya mkunjo. Chuma kikikunjwa, upande wa nje huvutika na wa ndani hubanwa, na urefu unaoliwa na kona hauwi jumla ya vipimo vya nje.

Chukua flatibaa ya milimita 5, mkunjo wa digrii 90 wenye duara la ndani la nusu kipenyo cha milimita 5. Mguu mmoja una milimita 60 kwa nje, mwingine 100. Mwenye haraka anakata 160. Hesabu sahihi ni hii: kila mguu toa unene na duara, yaani 10, ubaki na 50 na 90. Kona yenyewe inakula takriban 1.57 mara (duara 5 + 0.4 × unene 5), ambayo ni 11. Jumla ni 151. Mwenye haraka amezidisha milimita 9 kwa mkunjo mmoja, na breketi ina mikunjo zaidi ya mmoja.

Ile 0.4 ni makadirio ya chuma laini, hubadilika kidogo kwa jiliwa lako (kibanio cha mezani) na namna unavyopiga nyundo. Kunja kipande cha majaribio, pima, urekebishe. Na matundu yatobolewe baada ya kukunja, angalau ya upande mmoja. Ukitoboa yote mapema unajifunga mwenyewe.

Chuma pia hurudi nyuma kidogo ukikiachia. Flatibaa laini hurudi digrii mbili tatu hivi, basi ivuke pembe kwa kiasi hicho.

Dalili: ufa kwenye mgongo wa mkunjo

Ufa ukionekana wakati ule ule wa kukunja, angalia mambo kwa mpangilio huu. Duara la ndani ni dogo mno? Kwa kukunja baridi, lisiwe chini ya unene wa chuma chenyewe. Kukunja kwenye ukingo mkali wa jiliwa ndiko kunakoua. Weka kipande cha bomba au ukingo uliopigwa tupa. Kingo za flatibaa zina makovu ya grinda au msumeno? Kila kovu linalokatisha mkunjo ni mwanzo wa ufa, zipige tupa kwa urefu mpaka ziteleze. Ulichora mstari wa mkunjo kwa sindano ya chuma upande wa nje? Chora kwa chaki, au chora upande wa ndani.

Bado inapasuka? Ipashe moto mpaka iwe nyekundu ya kung'aa, ukunje ikiwa bado nyekundu, kisha iache ipoe yenyewe. Usiitumbukize kwenye ndoo ya maji kwa sababu tu una haraka.

Kama hata ikiwa na moto ina ukaidi, au inapasuka siku chache baada ya kufungwa, soma sehemu inayofuata.

Dalili: ufa kando ya weldi, wala si juu yake

Weldi ni nzima, chuma kilicho pembeni yake ndicho kimekatika, tena kwa mkato mkavu wenye chembe zinazong'aa. Hapo nauliza swali moja tu: chuma ulikitoa wapi?

Kwetu chuma kizuri cha bure ni springi za lori. Wahunzi wanafulia mapanga na majembe, na yanatoka imara kweli. Kwa hiyo mtu anaona: kama inabeba lori, bampa itashindwaje? Tatizo ni kaboni. Springi ina kaboni nyingi, na ukiichomelea bila kuipasha kwanza na kuipoza taratibu, ukanda mwembamba kando ya weldi hugeuka mgumu na mkavu kama kioo. Barabara ya matuta madogo madogo ikiutikisa, unakatika. Nondo za kuokoteza nazo hazitabiriki, kwa maana hujui ziliyeyushwa kutokana na nini.

Kipimo cha bure ni cheche za grinda. Chuma laini hutoa cheche ndefu zilizonyooka, zenye matawi machache. Chuma cha kaboni nyingi hutoa cheche zinazopasuka karibu na jiwe, zenye vichaka vingi. Linganisha na kipande unachokijua, gizagiza ndiyo nzuri kwa kutazamia. Kipimo cha pili ni tupa: ikiteleza bila kung'ata, achana nacho. Nunua flatibaa ya kawaida dukani. Mtu wa Kamukunji pale Nairobi anayekata vyuma siku nzima atakutambulishia kwa sauti tu ya nyundo, lakini wewe tumia grinda.

Kama chuma ni laini na bado ufa upo kando ya weldi, tazama umemalizia wapi. Weldi inayokatisha flatibaa kwa upana, mahali ambapo breketi inapinda kwa uzito wa bampa, inaomba kuvunjika. Kona ikunjwe, isiungwe.

Dalili: bolti inaingia raundi mbili kisha inakwama

Usiongeze nguvu. Bolti rahisi kupatikana Dar es Salaam au Mombasa zimetoka kwenye Toyota na ndugu zake. Bolti ya M10 (ya kipenyo cha milimita 10) ya Kijapani kwa kawaida ina hatua ya thredi, yaani umbali kati ya jino na jino, ya milimita 1.25 na kichwa cha spana 14. Ya Volkswagen hizi ina hatua ya 1.5 na kichwa cha spana 17. Kwa macho ni bolti moja. Kwa nati iliyochomelewa ndani ya bodi ni kifo: inashika raundi mbili, unaikaza, thredi zinakufa, na nati yenyewe huwezi kuitoa ukaweka nyingine. M8 haina matata hayo, hatua ni 1.25 kwa zote mbili, ingawa kichwa ni 12 kwa Mjapani na 13 kwa Mjerumani.

Bolti ikigoma, kwanza pitisha tapu (chuma cha kukatia thredi za ndani) ya M10 × 1.5 kwa mkono, ukiwa na mafuta, nusu raundi mbele na robo nyuma. Mara nyingi ni rangi na kutu vimejaa.

Bolti ikizunguka bila kutoka wala kukaza, nati imeng'oka ndani. Hapo hakuna ujanja wa nje: kata kidirisha kwenye bodi, shika nati, toa bolti, chomelea nati mpya, ufunge kidirisha.

Na kabla hujawasha chochote, kumbuka unafanya kazi wapi. Tangi la petroli la Beetle liko mbele, chini ya boneti, hatua chache kutoka kwenye bolti hizo. Litoe kabisa, liende nje ya gereji. Kulifunika kwa gunia bichi hakutoshi. Betri iko chini ya kiti cha nyuma, chomoa waya zake kabla ya kuchomelea.

Dalili: breketi haipiti kwenye tundu la madigadi, au inapita ikigusa

Rudi kwenye Agosti 1967. Tundu likiwa juu au chini kwa kiasi kinachoonekana kwa macho, madigadi si ya gari hilo. Tofauti ikiwa ndogo, legeza bolti zote za madigadi uyasogeze. Matundu yake yana nafasi, na mafundi wengi huyakaza yakiwa yamening'inia. Kuchimba tundu liwe kubwa ni njia ya mwisho, maana raba ya kuziba haitashika tena na tope la tairi litapata mlango.

Dalili: bampa linapiga kelele au linatetemeka barabara ya vumbi

Mlio wa chuma kwa chuma ni breketi kugusa ukingo wa madigadi: raba haipo au imekauka. Kipande cha mpira wa tyubu kilichokatwa vizuri kinafanya kazi mpaka upate raba yenyewe.

Bampa likitetemeka bila mlio, breketi ni nyembamba. Watu hawaamini jinsi unene unavyobadilisha mambo: ugumu wa flatibaa dhidi ya kupinda huenda kwa unene × unene × unene. Kutoka milimita 4 hadi 5 unapata karibu mara mbili. Kutoka 3 hadi 5, zaidi ya mara nne na nusu. Pima ya zamani kwa kalipa, mahali ambapo kutu haijala, ufuate unene huo.

Wala usiruke hadi milimita 10 kwa kujisifu. Breketi inatakiwa ipinde kabla bodi haijapinda. Ukiweka chuma kisichopinda, kishindo kidogo cha kuegesha kinang'oa nati na karatasi ya bodi, na kazi ya shilingi elfu chache inageuka kazi ya mwezi. Anayetaka kuvuta gari au kulipandisha kwa jeki atafute mahali pengine, bampa si kulabu.

Ikiwa bolti zinalegea kila mara, angalia rangi. Tabaka nene la rangi chini ya washa hutambaa likibanwa, na bolti inabaki bila mvuto. Sehemu za kubanana zipate praima nyembamba tu. Matundu yaliyochimbwa marefu yawekewe washa pana na nene.

Dalili: kutu imerudi baada ya masika moja

Tanga, Mombasa au Unguja, chumvi haina subira. Breketi huoza kuanzia mahali maji yanapotuama: ndani ya mkunjo ulioelekea juu, na kati ya breketi na mgongo wa bampa, ambako bampa la kromu mara nyingi halina kromu bali chuma kitupu. Paka mgongo huo pia. Toboa tundu la milimita 5 sehemu ya chini ya mkunjo unaokusanya maji.

Kutia zinki ni bora kuliko rangi peke yake, lakini kufanyike baada ya weldi zote. Kuchomelea chuma chenye zinki kunatoa moshi unaoleta homa na kutetemeka usiku huo huo. Kunywa maziwa, kama wanavyofanya wachomeleaji wengi, hakuondoi moshi uliokwisha kuingia mapafuni. Saga zinki kwanza, fanya kazi penye upepo.

Funga breketi na bampa kwa mkono kwanza, bolti zote zikiwa zimelegea, sawazisha, kisha kaza za bodi kabla ya za bampa. Kwa bolti ya daraja la 8.8 (namba ya uimara iliyo kichwani pake), M10 huridhika na nguvu ya kukaza ya karibu Nm 45 na M8 na karibu Nm 25. Nati za bodi yenye umri huu zisipewe zaidi ya hapo. Baada ya wiki ya kwanza barabarani, pita tena na spana 17.